Deni Letu kwa Girl Guides

Kila ifikapo tarehe 22 Februari, wasichana waliovaa sare na kufunga skafu shingoni huonekana katika miji ya Afrika Mashariki wakifagia masoko, wakipanda miti, wakizuru wagonjwa hospitalini, na wakiandamana kwa nyimbo hadi uwanja ambako mgeni wa heshima amekwisha wekewa kiti na kipaza sauti. Huhutubiwa, husifiwa, hupigwa picha, na siku ya pili yake habari yao hukunjwa ikawekwa mpaka mwaka mwingine. Watu wengi hawana habari zao zaidi ya hizo: kwamba ni mabinti wenye nidhamu, wanaowapanga watu mistari siku za sherehe za taifa, na wanaosalimu kwa vidole vitatu. Taadhima ya namna hii ni haba kwa watu waliotenda mengi, na muradi wa makala haya ni kuwadaia taadhima iliyo kubwa kuliko makofi ya siku moja.

Chama cha Girl Guides kimekuwa, kwa muda unaokaribia karne moja katika Tanzania na uliokwisha kupita karne katika Kenya na Uganda, miongoni mwa mahali pachache mno ambapo msichana hukabidhiwa madaraka ya kweli angali mtoto, akaamuru na kuamriwa, akakosea na kusahihishwa, akatoa hesabu ya alichopewa mbele ya wenziwe, hata siku anapofika utu uzima uongozi haumtishi tena. Tunatafuta viongozi wanawake kwa sheria, kwa viti na kwa kampeni, na ni vyema tuwatafute; lakini pale wanapolelewa tumepasahau.

Asili ya chama hiki ina jambo ambalo kila mzazi mwenye binti angefaa kulijua. Robert Baden-Powell, jemadari wa jeshi la Kiingereza, alipouanza uskauti mwaka 1907 kwa kambi ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, aliwakusudia wavulana peke yao. Na mwaka 1909, walipokusanyika kwa maelfu katika Crystal Palace, London, ili awakague, aliwakuta miongoni mwao mabinti wachache waliovaa kofia kama za kaka zao, ambao hawakualikwa na mtu yeyote, wakatamka mbele yake kwamba wao nao ni skauti. Katika Uingereza ya zama zile, ambayo haikumruhusu mwanamke hata kupiga kura ya kuwachagua wabunge, lilikuwa jambo la ushupavu mkubwa. Mwaka uliofuata kikaundwa chama chao wenyewe, na Agnes Baden-Powell, dada yake jemadari, akashikishwa hatamu zake. Kwa hiyo kazi hii haikuanza kwa ihsani ya wakubwa waliowahurumia watoto wa kike. Ilianza kwa watoto wa kike waliokwenda mahali wasipotazamiwa, wakasimama wahesabiwe.

Uganda ilikipokea chama mwaka 1914, Kenya mwaka 1920, na Tanganyika mwaka 1928, ambao ndio mwaka ule ule wajumbe wa nchi mbalimbali walipokutana Parád, katika Hungary, wakaufunga umoja wa dunia nzima ambao leo unakusanya mamilioni ya wasichana katika nchi zaidi ya 150. Sifichi kwamba kwetu kilikuja chini ya bendera ya wageni. Kitabu chake cha kwanza cha mafunzo, kilichotoka mwaka 1912, kilitangaza katika jina lake kwamba wasichana watasaidia kuijenga dola ya Kiingereza. Na katika nchi za walowezi ubaguzi wa rangi ulipenya hata katika ahadi ya kumcha Mungu na kuwasaidia watu, ikawa mabinti wa Kizungu wana makundi yao na wengine wana yao. Bendera ile ilipoteremshwa, hata hivyo, akina mama wa Kiafrika walioipokea kazi hawakubaki na dola wala utii wa dola, bali walibaki na njia ya malezi. Wakaitia katika lugha zao, wakaielekeza ahadi kwa mataifa yao, wakaiendeleza kwa jitihada zao wenyewe. Chombo kilichobuniwa na mgeni na kutumiwa na mwenyeji kwa faida ya wanawe ni mali ya mwenyeji.

Wala kaburi la mwasisi halipo katika nchi ya mbali. Baden-Powell alifariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941, akazikwa huko huko, mahali panapouelekea Mlima Kenya. Na mkewe Olave, aliyekuwa kiongozi mkuu wa Girl Guides wote wa dunia tangu mwaka 1930, alipofariki Uingereza mwaka 1977, majivu yake yalisafirishwa yakawekwa katika kaburi lile lile. Tarehe 22 Februari ni siku waliyozaliwa wote wawili, mume mwaka 1857 na mke mwaka 1889, na ndiyo sababu wajumbe waliokutana Marekani mwaka 1926 waliichagua iwe siku ya wasichana wa nchi zote kukumbukana na kutafakari.

Yako maneno ambayo mtu husikia barazani na hata misikitini na makanisani, kwamba kumzoeza binti uongozi ni desturi ya kuazima, isiyokuwa na shina katika ardhi yetu. Wasemao hayo wanaisahau historia ya pwani. Unguja ilikuwa na malkia, Fatuma, mwishoni mwa karne ya 17. Pate ilikuwa na Mwana Khadija katika karne ya 18. Na mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate hiyo hiyo na mjane wa mtu aliyempinga Sultani wa Unguja, alimtungia binti yake utenzi wa usia ambao hata leo husomwa na watu waliosahau majina ya majemadari wa siku zake. Kwa vizazi vingi msichana wetu amekabidhiwa kwa somo au kungwi, mwanamke asiyekuwa mamaye, amfundishe faraghani mambo ya utu uzima ambayo mama huona haya kumfundisha mwanawe. Mafunzo yale yalimwandaa kwa nyumba na mume, na humo yaliishia. Lakini rai iliyokuwa ndani yake, ya kwamba binti anahitaji mwanamke mwingine wa kumlea mbali na macho ya wazazi wake, ni rai ile ile ya Girl Guides, isipokuwa hawa wameitoa ukumbini wakaipeleka uwanjani.

Yapo pia makundi ya ngoma. Akina mama wa Mombasa na Lamu, katika vyama vyao vya lelemama, walikuwa na vyeo na nidhamu yao, walikusanya fedha, walishindana kwa ustadi, walihukumiana wenyewe kwa wenyewe. Na wanaume waliopita nje ya ua wakisikia matari walidhani kwamba ndani mna mchezo tu. Mwaka 1955 ndipo ilipobainika kulikuwa na nini. TANU, chama cha kupigania uhuru wa Tanganyika, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja, watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga nayo, na wanaume wengi walikuwa na hofu juu ya riziki zao. Akatokea Bibi Titi Mohamed, mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam, mwanamke aliyesoma shule ya msingi tu, akawaendea viongozi wa vikundi vingine, na katika muda wa miezi michache akawaingiza wanawake kwa maelfu katika chama hicho. Ujasiri wa kusimama mbele ya umma hakuupata siku aliyopandishwa jukwaani, maana aliupata ngomani, alipokuwa akishika zamu ya kuimba na wengine wakimwitikia, na alipojua, kwa kulitenda jambo lenyewe mara nyingi, jinsi watu wengi wanavyoshikamana kwa sauti ya mmoja.

Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu ndani yake mna jibu la swali ambalo watu wa semina hulizungusha bila kulifikia: uongozi hujifunzwa wapi? Hujifunzwa katika umoja mdogo wenye kazi halisi, ambamo cheo kina wajibu na kosa lina gharama, lakini gharama ndogo ambayo mwanafunzi anaweza kuilipa. Huo ndio ujenzi wa ndani wa Girl Guides, na wapita njia hawauoni.

Kundi la Girl Guides hugawanywa katika vikosi vidogo, aghalabu vya wasichana sita hadi wanane, na kila kikosi kina kiongozi wake na msaidizi wa kiongozi, ambao nao ni wasichana, pengine wenye umri wa miaka 12 au 13. Kiongozi huyo hushika daftari la mahudhurio na la michango. Hujua ni nani hakuja na kwa nini hakuja. Huwafundisha wageni kufunga mafundo na kufunga jeraha. Na kambini hupewa hema moja, jiko moja na watu wale wale sita, akaambiwa kwamba ifikapo saa fulani chakula kiwe kimeiva na vyombo viwe vimeoshwa. Asipogawa kazi kwa insafu, mwenye kuteka maji kila siku atanung'unika. Akikalipia sana, watamtii kwa uso na kumwacha kwa moyo. Akiogopa kukalipia, jioni itawakuta bila kuni. Hakuna somo la darasani liwezalo kumfundisha mtoto mambo haya, kwa kuwa darasani anayesahihishwa ni daftari, na hapa wanaomsahihisha ni wenzake wenye njaa. Viongozi wa vikosi kisha hukaa katika baraza lao pamoja na mlezi wa kundi, wakaamua kambi itakuwa wapi, fedha zitumikeje, na aliyevunja amana atendewe nini. Na mlezi mwenye busara hunyamaza katika baraza hilo kadiri awezavyo.

Kadhalika zile beji zishonwazo mikononi, ambazo mtazamaji hudhani ni mapambo, kila moja ni ushahidi wa kazi iliyotahiniwa: huyu amejua kumhudumia aliyezimia, huyu amejua kupika kwa ajili ya watu wengi, huyu amejua kuogelea, huyu amepanda miti akaitunza. Kwa mtoto ambaye nyumbani husifiwa kwa utii na shuleni hupimwa kwa alama za mitihani, si neno dogo kuwa na nguo inayotaja aliyoyaweza. Nimewaona mabinti wanyonge wa usemi, wale ambao darasani husubiri waulizwe mara tatu ndipo wajibu kwa kunong'ona, wakisimama mbele ya kikosi chao na kutoa amri kwa sauti iliyosikika uwanja mzima, na sauti ile haikuwa ya kiburi.

Wazazi wana hofu zao, na hofu za mzazi hazifai kubezwa. Wako wanaouliza ni nani atakayelala na mabinti kambini, ni nani atawalinda, na kama safari hizo hazitawaondolea haya na murua. Swali la kwanza na la pili ni haki yao kamili, na chama ambacho hakiwezi kuyajibu kwa majina ya walezi wanaojulikana, wanawake wenye dhamana na sifa njema, hakistahiki kupewa mtoto wa mtu. La tatu nalijibu kwamba haya si woga. Binti mwenye haya hujistahi, na mwenye kujistahi hujua kusema hapana kwa mtu mzima anayemtaka jambo la haramu, iwe njiani, dukani au ofisini kwa mwalimu. Lakini binti aliyefundishwa kunyamaza mbele ya kila mkubwa, huyo hana silaha yoyote siku mkubwa anapomgeukia. Ama kuhusu dini, ahadi ya Girl Guides yenyewe ina sehemu tatu, zinazowakilishwa na majani matatu ya nembo yao, na miongoni mwa sehemu hizo uko wajibu kwa Mungu, ambao kila mmoja huutimiza kwa imani aliyolelewa. Na hijabu na sare zimekwisha kuvaliwa pamoja na mabinti wa Kiislamu bila ya moja kuidhulumu nyingine.

Katika miaka ya karibuni kazi zao zimeyafikia mambo ambayo zamani yasingetajwa mbele ya watu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano, pamoja na Madagascar, Bangladesh, Sri Lanka na Ufilipino, ambamo Girl Guides waliendesha mpango wa lishe ya wasichana, wakiwafundisha wenzao juu ya upungufu wa damu na chakula kinachouzuia. Wanafundishana kujistahi kwa miili waliyojaliwa. Wanafundishana jinsi ya kuitambua na kuikataa dhuluma dhidi ya wanawake. Na kituo cha dunia kilichowekwa kwa ajili ya Afrika, ambacho hakikujengewa jumba kama vile vya Uswisi, Uingereza, Mexico na India, bali huhama kutoka nchi hadi nchi, kimepewa jina la Kiswahili, Kusafiri. Ni heshima kwa lugha yetu ambayo magazeti yetu yalifaa kuitangaza zaidi kuliko yalivyofanya.

Tuyatazame sasa yale tunayoyafanya sisi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeweka kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Tanzania ina viti maalumu vya wanawake bungeni. Dunia ilimwona Getrude Mongella akiwa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, na tarehe 19 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Haya ni mambo makubwa, na mwenye kuyadharau hajui tumetoka wapi. Lakini sheria humpa mwanamke kiti, haimpi mazoea ya kukikalia. Na binti wa Tandahimba, anayemwona Rais mwanamke katika picha iliyotundikwa ukutani mwa shule, bado anahitaji mahali pa kujaribu mwenyewe, kwa jambo dogo, leo, kabla hajafundishwa na desturi kwamba mambo hayo ni ya watu wengine. Ikumbukwe kuwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya wazazi, na kwamba ilimbidi mwanamke kijana, Rebeca Gyumi, aende mahakamani ili Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zitamke kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Muda wa kumlea kiongozi wa kike ni mfupi kuliko tunavyodhani, na wako wengi waupunguzao.

Basi taadhima ya kweli ni ipi? Siyo nishani, ingawa nishani si haramu. Wanaoibeba kazi hii ni walezi wa kujitolea, wengi wao walimu, ambao baada ya vipindi vya siku nzima hubaki uwanjani na wasichana thelathini bila ya malipo, wakainunua kamba na dawa ya jeraha kwa mshahara wao, na aghalabu wakaonekana na wenzao kuwa watu wanaopoteza wakati. Huyo ndiye wa kuheshimiwa kwanza. Mwalimu mkuu na ampe saa moja kwa wiki iliyoandikwa katika ratiba, isiyonyang'anywa kila mitihani inapokaribia; afisa elimu na aihesabu kazi yake kuwa kazi; halmashauri, ambayo hutenga fungu kwa ajili ya mabango ya sherehe, na itenge sehemu yake kwa mahema na nauli. Sare nayo ina bei, na bei hiyo huwafungia nje watoto wa wakulima na wavuvi, ambao ndio wanaokihitaji chama zaidi. Mafundi wa kushona hawakosekani katika miji yetu, na mfanyabiashara anayetafuta fadhila hana haja ya kwenda mbali. Nao viongozi wa chama nawaomba, kwa heshima, wawatazame wasichana walioacha shule, walio majumbani mwa watu wakifanya kazi, na walio mashambani: maadamu kundi linaishia kwenye lango la shule, nusu ya mavuno inaachwa kondeni.

Nawe mama msomaji, uliyewahi kuivaa sare ile na kuinua vidole vitatu ukitoa ahadi, na ambaye leo unaongoza idara, zahanati, duka au nyumba kwa mazoea uliyoyapata ukiwa na kikosi cha watoto sita, ahadi ile hukuitoa kwa ajili ya utoto tu. Shule iliyo jirani yako ina mabinti na uwanja, na kinachokosekana ni mlezi. Nenda ukamwone mwalimu mkuu wake wiki hii, usingoje 22 Februari.